Majani Yanayoficha Kiota

Hapa Nyeri, asubuhi hii ukungu umeshuka mpaka kwenye mashamba ya kahawa, wala mlima hauonekani. Ninyi mlio Karatina, Othaya, Kerugoya, Nanyuki na Embu mnaijua baridi hii ya mwezi wa saba. Wengine mnatusikiliza huku mmeshika kikombe cha chai, wengine mko njiani kupeleka maziwa, na wengine mko kitandani kwa sababu ya ugonjwa.

Neno letu la leo linatoka katika Injili ya Mathayo, sura ya 6, pale Bwana wetu alipokuwa akisema na watu wenye wasiwasi juu ya chakula na mavazi. Mnalikumbuka vema. Aliwaonyesha ndege, viumbe wasio na shamba wala ghala, naye akawaeleza kwamba Mungu mwenyewe ndiye anayewapa riziki yao.

Mara nyingi tukilisoma neno hili twakimbilia mwisho wake, yaani kwamba tusiwe na wasiwasi. Lakini Bwana hakuanza na wasiwasi. Alianza kwa kuwaagiza watu watumie macho yao. Waangalie kwanza, ndipo wafahamu. Nasi twakiri kwamba tulilihubiri neno hili miaka mingi kabla ya kulitii. Tulikuwa tukiwajua ndege wawili tu, kuku na kunguru, na huyo kunguru tulimjua kwa sababu ya kuku.

Ndugu zetu, wageni hutoka mbali sana kuja kuangalia vile ambavyo sisi twavipita kila siku. Mwaka 1932 hoteli ya Treetops ilifunguliwa katika msitu wa Aberdare, nao watu wakawa wakilipa fedha nyingi ili wakae kimya usiku kucha wakitazama wanyama. Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliishi miaka yake ya mwisho hapa Nyeri, akichora wanyama na ndege kwa kalamu na rangi. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko hapa mjini, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Basi ikiwa mzee aliyezunguka dunia aliona hapa vitu vinavyostahili kuchorwa, sisi tuliozaliwa hapa tuna udhuru gani?

Mwanzo wetu ulikuwa mdogo. Tulipokuwa watoto, kupiga picha kulikuwa jambo la harusi na ubatizo. Filamu ilikuwa na picha 36, nayo ilipelekwa mjini kusafishwa, na hakuna mzazi aliyekubali picha moja ipotee kwa ajili ya ndege. Siku hizi mambo ni tofauti. Ndugu mmoja alitupa kamera yake ya zamani, isiyotumia filamu, tukaanza kukaa barazani asubuhi kabla ya kazi za parokia. Hapo ndipo tulipoanza kuona.

Tuliwaona kuzumburu, wale wenye mikia mirefu, wakining'inia juu ya mapera kama watoto juu ya lango. Tuliwaona kwezi wakitembea nyasini, migongo ya buluu na matumbo ya rangi ya machungwa, kana kwamba wamevaa nguo za sikukuu siku ya kazi. Na tulimwona chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anyonyaye utamu wa maua ya muhuti na ya mshubiri.

Huyu chozi alitufundisha jambo la kwanza. Ukimkuta kivulini utasema ni mweusi. Ngoja jua lipande kidogo, ageuke, naye ghafula atang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Mng'ao ule haukupakwa kama rangi ya ukutani. Unyoya wenyewe umeumbwa kwa namna ya kuirudisha nuru, hivyo pasipo nuru mng'ao hauonekani. Tukajiuliza ni watu wangapi katika kanisa letu tumewaita weusi kwa sababu tuliwatazama wakiwa kivulini.

Na tulipokuwa tukihudumu juu zaidi, karibu na msitu, tulimjua shorobo. Akitulia juu ya mti amefanana na majani, kijani kitupu. Akiruka, mabawa yanafunguka, na ndani yake mna wekundu kama damu. Wenye elimu wamegundua kwamba wekundu ule hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, jambo ambalo ni nadra sana katika viumbe. Lakini nani atakayeuona kama shorobo amefungwa katika kizimba kidogo? Uzuri wake mkubwa huonekana akiwa huru.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, tunataka kuwasimulia jambo ambalo si la sifa kwetu.

Mwaka mmoja chozi alijenga kiota katika mlimau ulio karibu na baraza ya nyumba ya kasisi. Mnajua kiota chake: kimening'inia mwishoni mwa tawi kama kifuko kidogo, kina mlango upande, na kimeshonwa kwa nyuzi za buibui. Mama alikuwa akija na kuondoka kila dakika chache. Ndani mlikuwa na makinda wawili. Tulifurahi kupita kiasi. Tulikaa pale asubuhi tatu, lakini kila picha ilitoka na giza, maana majani ya mlimau yalikifunika kiota pande zote.

Asubuhi ya nne tukachukua mkasi wa kupogolea. Tukakata majani machache, kisha machache mengine. Jua likaingia. Mama akarudi na chakula mdomoni, makinda wakanyosha shingo, nasi tukapata picha ambayo hatujapata nyingine kama hiyo. Jioni ile tuliituma kwa jamaa na kwa wazee wa kanisa. Wote wakasema, tazama kazi ya Mungu. Na sisi tukapokea sifa.

Jumamosi jioni tulikuta kiota kimepasuliwa. Kunguru walikuwa wamekaa juu ya paa la kanisa siku mbili zile, wala hatukuwatia maanani. Majani yale tuliyoyaona kuwa kizuizi kwetu yalikuwa ukuta kwa wale wadogo. Sisi ndio tuliobomoa ukuta.

Lakini msikie jambo baya zaidi. Mahubiri ya kesho yake yalikuwa tayari, nayo yalikuwa juu ya Mathayo 6. Picha ilikuwa imechapishwa kubwa, ya kuwaonyesha watoto wa Shule ya Jumapili. Je, tulibadilisha mahubiri? Hatukubadilisha. Tulisimama mimbarani tukaiinua ile picha, tukasema, tazameni jinsi Mungu anavyowalisha. Nasi tulijua kwamba kiota ni kitupu.

Baada ya ibada, mlangoni, cucu mmoja wa Umoja wa Akina Mama alitushika mkono akauliza, "Mchungaji, na wale watoto wanaendeleaje?"

Tukamjibu, "Cucu, wako mikononi mwa Mungu."

Ndugu zetu, neno hilo lilikuwa kweli, nasi tulilitumia kusema uongo. Tulisoma chuo cha theolojia miaka mitatu, na matunda ya elimu yetu siku ile yalikuwa hayo, kujua namna ya kujificha nyuma ya jina la Mungu.

Hatukulala vema juma lile. Jumatano tulishuka bondeni mpaka nyumbani kwake. Parokia yetu iko upande wa Mukurweini, na kama mnavyojua, huko mabonde yanashuka sana. Tulimkuta akichambua maharagwe. Tukamwambia yote, mkasi, kunguru, mahubiri na lile jibu la mlangoni.

Alichambua maharagwe kidogo, kisha akasema, "Nilijua, Mchungaji. Ile picha ilikuwa na mwanga mwingi. Chozi hajengi kiota juani."

Alikuwa amejua tangu alipoiona, naye alituuliza mlangoni ili atupe nafasi ya kusema kweli.

Kisha akasimama akatuongoza mpaka chini ya shamba lake, karibu na mto, ambako pana kichaka cha lantana na miti ya kienyeji. Akasema, "Baba, simama hapa, usipite hapa." Tukasimama kati ya mikahawa. Baada ya muda tukasikia kelele ndani ya kichaka, ndege wengi wakiitana kwa ukali kama watu wa nyumba moja wanaobishana. Wakatokea wawili, watatu. Hawakuwa na rangi za kupendeza. Walikuwa wa rangi ya udongo, wenye madoa meupe kama magamba, na macho mekundu.

Hao ndio zogoyogo wa Hinde. Ndege huyu hapatikani popote duniani ila Kenya, naye huishi katika mabonde ya upande huu wa mlima, ikiwemo Mukurweini yetu. Huishi kwa makundi, nao husaidiana kulea makinda ya kundi. Misitu ya asili iliyokuwa kwao imekatwa siku nyingi, hivyo wamejibanza katika vichaka vilivyobaki kando ya mito na mashamba. Kichaka kikifyekwa chote, hawana pengine pa kwenda. Kuna watu wanaosafiri kutoka nchi za mbali ili wamwone mara moja tu.

Wajukuu wa cucu walitaka kukifyeka kile kichaka ili wapande majani ya ng'ombe. Aliwapa sehemu ya juu, akawakataza sehemu ya mtoni. Hakusoma kitabu chochote cha ndege. Alisema tu, "Hawa walikuwa hapa nilipoolewa."

Tulisimama saa nzima. Picha tuliyopata ni ya mgongo wa ndege mmoja nyuma ya tawi. Tumeihifadhi.

Wapenzi, tulipokuwa tukipanda kutoka bondeni tulikumbuka sheria moja ndogo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Mtu akikuta kiota njiani, na mama amewalalia makinda au mayai, asimchukue mama pamoja na watoto. Torati inayonena juu ya wafalme na vita na dhabihu inasimama pia kando ya kiota. Na katika kitabu hichohicho, sura ya 24, imeagizwa kwamba ukimkopesha jirani yako kitu, usiingie nyumbani mwake kutwaa rehani. Usimame nje, yeye mwenyewe akuletee. Hata kama una haki ya kudai, huna haki ya kuvuka mlango wa maskini.

Ndipo Roho wa Mungu alipotukumbusha jambo lingine, ambalo halikuhusu ndege.

Mwaka 2020, wakati wa korona, kazi nyingi zilifungwa na watu wakakosa chakula. Parokia yetu ilikusanya unga, maharagwe na mafuta, tukagawa. Ilikuwa kazi njema. Lakini tuliwapanga wale waliopokea mbele ya bango la kanisa, kila mmoja ameshika pakiti zake za unga, nasi tukawapiga picha. Tulisema ni kwa ajili ya ripoti. Baadaye tukazibandika ukutani pale kanisani, ili washiriki waone matoleo yao yalivyotumika. Katika picha moja alikuwamo mama mjane, anatazama chini. Kijana wake alikuwa akija Shule ya Jumapili bila kukosa. Baada ya picha ile kubandikwa, hakuja tena. Tulisema moyoni kwamba vijana wa siku hizi ni wagumu.

Tulipanda bonde lile tukiwa tumeelewa kwa nini hakuja. Tulikuwa tumekata majani.

Ndugu zetu, Mungu ameweka majani kuzunguka kila aliye dhaifu. Haya ya mjane ni majani. Ukimya wa mtu aliyefiwa ni majani. Mlango wa chumba cha mgonjwa ni majani. Siri ya msichana aliyekuja kumweleza mchungaji taabu yake ni majani. Sisi tunaotaka kuonyesha kazi ya Mungu twakuja na mkasi, twasema, hebu tuondoe kidogo, watu waone vizuri, Mungu atukuzwe. Watu huona vizuri, ni kweli. Kunguru nao huona vizuri.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa tukasema habari za kiota, na tukakiri uongo wetu. Picha za unga tulizitoa ukutani. Kisha tulikwenda kwa yule mama kumwomba msamaha. Alitukaribisha chai, akasema, "Yaishe, Mchungaji." Kijana wake alikuwa uani akipasua kuni. Tulimsalimu, akaitikia kwa adabu, akaendelea kupasua. Hajarudi kanisani mpaka leo. Tunamwombea, wala hatumlazimishi.

Labda mmoja wenu atauliza, je, basi tuache kupiga picha ndege? La, hasha. Bwana ametuagiza tuangalie, na kamera inaweza kuwa msaada mkubwa kwa macho mavivu. John Stott, kasisi wa Kianglikana wa kanisa la All Souls katika jiji la London, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 90, aliwapenda ndege tangu utoto. Baba yake, aliyekuwa daktari, alimtembeza mashambani akamfundisha kufunga mdomo na kufungua macho na masikio. Stott alipozunguka nchi nyingi akihubiri, alichukua kamera pamoja na Biblia, na mwaka 1999 alitoa kitabu cha mafundisho yatokayo kwa ndege, chenye picha alizozipiga mwenyewe. Mafundisho ya baba yule yanamfaa mpiga picha, na yanamfaa mchungaji pia.

Kwa hiyo mtu wa nyumba ya Mungu atakayetaka kuwatazama ndege, tunamshauri mambo machache. Atoke mapema, jua linapochomoza, maana nuru ya saa hiyo ni laini na ndege wana njaa. Akae mahali pamoja, asiwafuate. Akitaka wamkaribie, apande muhuti au mshubiri, au aweke maji katika karai ya chini, na wao watakuja kwa hiari yao. Akiona ndege ameacha kula na kuanza kulia kwa hofu, arudi nyuma. Na akiona kiota, asiguse jani, asikae hapo, aondoke upesi. Picha ya kiota si yake.

Na mwenye shamba asifyeke kila kona. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe katika Nyeri yetu, alianzisha harakati ya Green Belt mwaka 1977 kwa kuwashika akina mama mkono wapande miche, na mwaka 2004 dunia ikamtunuku Nishani ya Amani ya Nobel. Si kila mmoja wetu ataitwa kufanya makubwa kama hayo. Lakini kuacha kichaka kimoja mtoni, cucu wa Mukurweini ameweza. Sisi nasi tutashindwaje?

Hebu turudi kwa neno la Bwana wetu. Alipowaonyesha watu ndege, hakumshika hata mmoja. Aliwaacha angani, akaelekeza macho ya watu huko, akasema habari za Baba. Ndivyo alivyotutendea sisi pia. Yeye ayajuaye yote yaliyomo ndani yetu hakutuvua mbele ya watu. Mwanamke wa Samaria alizungumza naye kisimani wakiwa peke yao. Tulipokuwa wadhaifu alitufunika, na juu ya msalaba alikubali yeye kuvuliwa mbele ya macho ya wote ili sisi tupate vazi. Aliye na Mwokozi wa namna hii anawezaje kumwanika ndugu yake?

Mlimau wetu umeota majani tena, mazito kuliko zamani. Chozi huja kwenye maua asubuhi, lakini hajarudi kujenga pale. Kila tukitoka kwenda kanisani twapita chini ya tawi lile.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyewaumba ndege wa rangi nyingi na wa rangi ya udongo, twakushukuru kwa kuwaweka karibu na milango yetu. Utusamehe tulipoangalia kwa tamaa. Utusamehe tulipotumia jina lako kuficha kosa letu, na tulipowaanika wadogo wako ili sisi tusifiwe. Uwarudishe wale walioondoka kwa sababu yetu, na kama hawatarudi kwetu, uwe nao huko waliko. Utufundishe kusimama nje mpaka tukaribishwe. Uwafunike leo wagonjwa, wajane, yatima na wote wenye haya. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.